Mikoko, boriti na nyumba za pwani: utafiti wa mimea na watu uanzie wapi?

Mwanafunzi wa Mwambao

Ndugu wanajukwaa, natumaini nyote hamjambo.

Ninajiandaa kuanza utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu uhusiano wa mimea, watu na mazingira katika mwambao wa Afrika Mashariki. Nimechagua mikoko kwa sababu nimekulia karibu nayo, na kwa sababu ni vigumu kutaja kazi ya zamani ya pwani ambayo haikuigusa kwa namna moja au nyingine. Pendekezo langu la kwanza lilikuwa la kawaida: kupita vijijini, kuwahoji wazee, kuandika jina la kila mti pamoja na matumizi yake, kisha kuhesabu ni watu wangapi wametaja nini. Orodha ya awali ninayo tayari. Mkoko wenyewe, ambao wataalamu huuita Rhizophora mucronata, hutoa boriti. Mkandaa hutoa fito pamoja na maganda ya kutengenezea ngozi na kutilia nyavu rangi. Mlilana hutoa mataruma, yaani mbavu, ya vyombo vya baharini. Mchu hutoa kuni. Na mkomafi una matunda ambayo watu huyatumia kutuliza maumivu ya tumbo.

Kila nikiisoma orodha hiyo naona kuna jambo kubwa linalokosekana. Inamwonyesha mtu akiuchukua mti, basi. Haisemi mti ulimlazimisha mtu huyo kuishi vipi, haisemi msitu ulibadilikaje baada ya kukatwa kwa karne nyingi, na haiipi bahari, mito wala mvua nafasi yoyote. Msimamizi wangu amenirudisha nikatafute swali moja linalopimika. Ndiyo maana nawauliza: mtafiti afanye nini ili aone pande hizi tatu zikibadilishana, badala ya kuona upande mmoja tu ukiutumia mwingine? Na je, kuna kitu cha kushikika ninachoweza kukifuata kutoka msituni hadi majumbani? Ningefurahi hasa kuwasikia watu wa Lamu, Gazi na Rufiji.

Fundi wa Amu

Mwanangu, kitu unachokitafuta kiko juu ya kichwa chako kila unapoingia katika nyumba ya zamani ya mawe hapa Amu, yaani Lamu. Inua macho utazame dari, utaziona boriti zimepangwa sambamba, zimelala kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Chumba kinaweza kuwa kirefu kadiri mwenye nyumba atakavyo, lakini upana wake hauzidi kile ambacho boriti huweza kukivuka ikiwa imebeba mzigo, yaani mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Na mzigo wenyewe si mdogo. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha humwagwa tabaka nene la chokaa na kokoto, likapigwa mpaka likashikana. Hata chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo, na magogo mengi yalitoka katika mikoko hiyo hiyo, kwa hiyo usidhani kwamba msitu uko darini peke yake. Umo na ukutani.

Ndiyo sababu nyumba zetu ni mfululizo wa vyumba virefu na vyembamba vilivyolala ubavu kwa ubavu, kutoka kiwandani, yaani uani, hadi ndani, na kadiri unavyozidi kuingia ndivyo stara inavyozidi. Sisemi kwamba mti ndio uliotufundisha stara, kwa kuwa hilo lina asili yake katika dini na ada. Ninachosema ni kwamba aliyetaka stara alilazimika kuipanga kwa kipimo alichopewa na msitu. Tajiri aliweza kuongeza vyumba, kuongeza ghorofa na kuzijaza kuta zidaka, yaani vishubaka, za plasta, lakini hakuweza kukipanua chumba kimoja kwa mapenzi yake.

Sasa waendee wakataji. Mkataji haupimi msitu kama wewe unavyoupima. Wewe umeorodhesha aina za miti. Yeye hutazama kwanza unene na unyofu. Kuanzia nyembamba hadi nene zaidi kuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo, vigingi na banaa, na huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mkoko mmoja ukiachwa ukue hupita katika madaraja hayo yote: leo ni ufito, baada ya miaka ni pau, kisha mazio, kisha boriti, ambayo unene wake ni sentimita 11 hadi 14 hivi. Soko likipenda mazio na boriti kuliko madaraja mengine, ndiyo miti itakayoondoka kwanza, na ile iliyonyooka itaondoka kabla ya iliyopinda. Anayeingia leo katika sehemu zilizokatwa sana hukuta miti minene isiyobebeka, miti iliyopinda, na michanga iliyosongamana chini yake, na akitaka boriti safi inambidi aende mbali zaidi na makazi.

Ushauri wangu ni huu: chukua futi kamba, uingie katika nyumba za nyakati mbalimbali, upime urefu wa boriti, mzingo wake, na nafasi kati ya moja na nyingine. Kisha uende msituni upime visiki na miti iliyosimama. Nyumba zitakueleza msitu ulikuwaje wakati ambapo hakuna aliyeuandika.

Mpima Misitu

Naunga mkono pendekezo la Fundi, na ningependa kuongeza habari za mti wenyewe, kwa sababu bila kuujua mti hutaelewa kwa nini shoka moja huacha matokeo tofauti katika sehemu tofauti za msitu.

Mchu ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Mkoko mkubwa ukikatwa chini hauchipui. Unakufa pamoja na kisiki chake, na mahali pake hujazwa na miche pekee. Mbegu ya mkoko huota ingali imeshikwa na mti mama, ikarefuka hadi nusu mita na zaidi, kisha huanguka na kujichoma matopeni palepale, au ikaelea na maji hadi itakaposhika mahali pengine. Kwa hiyo mkataji anayechagua mti mmoja hapa na mwingine kule, akiacha miti yenye mbegu karibu, anafungua nafasi ambayo miche inaweza kuijaza. Anayefyeka eneo kubwa kwa mara moja anabadilisha udongo wenyewe: jua hupiga tope, maji hukauka, chumvi huzidi, na katika sehemu zilizo wazi mawimbi huanza kulichukua tope lililokuwa limeshikwa na mizizi. Hapo mche wa mkoko haushiki. Sehemu za juu zaidi, ambako maji ya bahari hayafiki kila siku, huenda zikachukuliwa na mchu au mkandaa, au zikabaki tupu kwa miaka mingi.

Mfano wake uko Gazi, kusini mwa Mombasa. Katika miaka ya 1970 mikoko mingi ilikatwa huko kwa ajili ya boriti na kwa ajili ya kuni za kuchomea chokaa na matofali, na baadhi ya maeneo hayakuota tena yenyewe. Upandaji ulianza mwaka 1991, wakazi wakishirikiana na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Kutokana na kazi hiyo ndefu ndipo mwaka 2013 ulipoanza mradi wa Mikoko Pamoja, ambamo vijiji vya Gazi na Makongeni vinahifadhi hekta 117 na kuuza hati za kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya kaboni ambayo msitu huishika, na fedha zake zimetumika katika mambo kama maji na shule. Mti uliokuwa na thamani ukiwa umelazwa sasa una thamani ukiwa umesimama, na wazee wa kijiji wanakutana kujadili bei inayotoka Ulaya, kama vile babu zao walivyojadili bei iliyokuja na majahazi.

Hata hivyo watu wa Gazi bado wanajenga na bado wanapika. Ndiyo sababu mradi huo umepanda pia mivinje, ili iwe chanzo mbadala cha miti ya kujengea na kuni. Mvinje hukua haraka na hunyooka, ingawa mafundi wengi huona kwamba haudumu kama mkoko. Ungeweza kuuliza kama umbo la nyumba limebadilika pale ambapo mvinje, mbao na bati vimechukua nafasi ya boriti. Hilo ni swali linalopimika kwa futi kamba ile ile ya Fundi.

Nina tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba si kila mkoko uliokufa umekufa kwa shoka. Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, udongo mwingi uliteremshwa na maji hadi hori ya Mwache, karibu na Mombasa, ukaifukia mizizi ya mikoko. Mizizi hiyo hupumua kupitia sehemu zilizo juu ya tope, na ikifunikwa ghafla mti hukosa hewa. Udongo ule ulitoka katika ardhi ya bara iliyokuwa wazi, kwa hiyo mtu aliyebadilisha msitu huenda ni mkulima ambaye hajawahi kukanyaga pwani. Ukiwahoji wakazi wa ufukweni peke yao, utaukosa upande huo wote.

Ya pili inahusu boriti zenyewe. Dari la zamani linaonyesha kile kilichochaguliwa, wala si kila kilichokuwepo, na wanunuzi hawakuwa watu wa Amu tu. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, katika pwani ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji, yaani mtiki, na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hadi karne ya 20 majahazi yaliteremka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi, upepo wa kutoka kusini, yakiwa yamejaa boriti za kwenda Oman, Bahrain na Kuwait, na vyumba vya zamani vya huko vina upana ule ule mwembamba, kwa sababu ile ile. Kisha utajiri wa mafuta ukaleta huko saruji na chuma, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi. Kwa hiyo ukiona boriti za nyumba za wakati fulani ni fupi au zimepinda, jiulize kwanza kama msitu ulikuwa umechoka, au kama zile nzuri zilikuwa zimepakiwa jahazini.

Mwalimu wa Delta

Naandika kutoka Rufiji, ambako habari ni tofauti kidogo, kwa kuwa huku mto ndio unaotangulia. Delta yetu ina karibu hekta 53,000 za mikoko, ambayo ni eneo kubwa kuliko jingine lolote la mikoko katika pwani ya Tanzania, lakini kinachoushindania msitu huo zaidi ni mpunga kuliko boriti.

Katika miaka ya 1970 mafuriko yaliyaelekeza maji mengi ya mto kwenye matawi ya kaskazini. Upande huo ukapata maji matamu zaidi, na upande wa kusini chumvi ikapanda. Mpunga hauvumilii chumvi, kwa hiyo wakulima walifuata maji, na mashamba yakazidi upande wa kaskazini ndani ya msitu wa mikoko. Mkulima huukata mti, au huambua gome kuuzunguka mpaka ukauke, kisha huchoma na kupanda katikati ya visiki. Maji ya kumwagilia huletwa na bahari yenyewe: inapojaa huyasukuma maji ya mto nyuma mpaka yakapanda shambani, na kwa kuwa wakati huo mto umejaa, yanayopanda ni matamu. Mkulima wa namna hii anahitaji kuijua miandamo ya mwezi na hali ya mvua za bara kwa pamoja, na anahitaji kuwajua kaa, ambao huikata miche michanga usiku mmoja. Ndiyo sababu wengi huikuza kwanza kitaluni na kuihamisha ikiwa imekwisha kuwa mikubwa. Baada ya miaka michache magugu huzidi nguvu, shamba huachwa, na mtu hufungua jingine. Lililoachwa wakati mwingine hurudi kuwa mikoko, na wakati mwingine magugu huizuia mbegu isishike.

Ninaomba jambo moja kwa mwanafunzi. Usije Rufiji ukiwa tayari umeamua kwamba unakuja kuandika uharibifu. Mikoko ya hapa imekuwa chini ya sheria za misitu tangu enzi ya Wajerumani, na tangu wakati huo watu wa delta wamekuwa wakiandikwa kama wavamizi wa mahali walipozaliwa. Palikuwepo pia utaratibu wa kuwaruhusu kulima mpunga huku wakipanda miche ya mikoko katika shamba lile lile, na wapo wakulima wanaoweza kukuonyesha ni wapi ilishika na ni wapi haikushika. Maelezo yao ni elimu, nayo inastahili kupimwa kama unavyopima ya mtaalamu.

Na wakati wenyewe ni muhimu. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa juu ya Mto Rufiji wenyewe, lilianza kujazwa Desemba 2022. Bwawa la ukubwa huo huzuia tope ambalo lingefika delta na hubadilisha mafuriko ya kila mwaka, na mambo hayo mawili ndiyo yaliyoamua hadi sasa mpunga uishie wapi na mikoko ianzie wapi. Anayeupima mpaka huo leo anawaachia watakaokuja baadaye kipimo cha kulinganishia, na kwa maoni yangu hiyo ni kazi ya haraka kuliko kuhesabu matumizi ya matunda ya mkomafi.

Mtunza Sampuli

Nitasema machache ya kiutaratibu ambayo wanafunzi wengi huyaacha hadi mwisho. Kila mti utakaotajwa, chukua tawi lenye maua au matunda, ulikaushe vizuri, uandike mahali, tarehe, umbali kutoka kwenye maji na jina alilolitumia aliyekuonyesha, kisha uliweke katika hifadhi inayotambulika, kama ile ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majina ya mikoko hutofautiana kati ya kijiji na kijiji, na bila sampuli hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba mliongelea mti mmoja.

Kibali cha utafiti na ridhaa ya wanakijiji ni mambo mawili, na kimoja hakitoshi badala ya kingine. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi, kwa hiyo habari za dawa kama ya mkomafi usizichapishe mpaka wenyewe wakubali, na warudishie matokeo kwa Kiswahili, katika mkutano, wakiwa na nafasi ya kukusahihisha.

Mwanafunzi wa Mwambao

Fundi, shikamoo, na wengine wote nawashukuru kwa moyo. Nimesoma majibu haya mara kadhaa na sasa naweza kuliandika swali langu hivi: je, urefu na unene wa boriti katika nyumba za Amu za nyakati tofauti unafuata hali ya msitu, au unafuata soko? Nitapima boriti katika nyumba zilizojengwa kabla ya 1982 na baada yake, nitapima visiki na miti iliyosimama katika sehemu mbili za msitu, moja ya karibu na moja ya mbali, na nitawaomba wakataji waipange miti hiyo kwa madaraja yao kabla sijaipima. Rufiji nitaiacha kwa sasa, Mwalimu, kwa sababu umenionyesha kwamba inahitaji utafiti wake wenyewe unaoanza na mto, na sitaki kuifanya nyongeza ya sura moja.

Linalonisumbua ni kwamba nyumba hukarabatiwa. Nitajuaje kwamba boriti ninayoipima ni ya tangu nyumba ilipojengwa? Na zile zilizochongwa mraba, je, zinafaa kupimwa?

Fundi wa Amu

Marahaba, mwanangu. Tazama ncha ya boriti pale inapoingia ukutani. Ya asili imezungukwa na chokaa ile ile ya ukuta, haina mshono. Iliyobadilishwa ina kiraka kuizunguka, na siku hizi kiraka hicho mara nyingi ni cha saruji, ambacho rangi yake hukijulisha hata kikipakwa chokaa juu. Wazee wa nyumba pia hukumbuka dari lilianguka mwaka gani na nani alilirudisha, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda ngazi.

Zilizochongwa mraba zipime urefu tu, kwa kuwa unene wake ulibaki kwenye tezo ya fundi. Kwa unene nenda jikoni, stoo na chini ya ngazi, ambako boriti nyingi ziliachwa na mviringo wake. Utakuta mara kwa mara kwamba nyumba moja ina boriti za hali mbili, nzuri kwa wageni na za kawaida kwa kazi, basi ziandike mbali mbali, usije ukachanganya heshima ya chumba na hali ya msitu.

Kuhusu msitu, ingia wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kutoka kuliko kawaida. Maji yakijaa chombo kitafika ndani ya vijito ambavyo wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, hakifiki, na yakitoka utapata saa kadhaa za kupima visiki kabla hayajarudi. Usiende peke yako na usikodi chombo kabla ya kuzungumza na wakataji. Mwaka 2018, ukataji wa misitu ulipopigwa marufuku Kenya nzima, wao ndio waliobaki bila kazi, na tangu hapo wanamwogopa kila mgeni mwenye kalamu na daftari. Waeleze mapema kwamba unapima nyumba zetu pia, na uwaonyeshe vipimo vya nyumba kwanza. Wataanza kubishana wenyewe kuhusu boriti ile ilitoka kijito gani, na hapo uandike kila neno.